Mzigo wa Rehema: kwa nini steringi asiyetaka kuchaguliwa anaboa, na tufanyeje

Kijana mmoja anayeandika riwaya yake ya kwanza kanitumia swali na sura tatu za mwanzo, na kwa ruhusa yake naanza na swali lenyewe:

"Shikamoo kaka. Naandika sai-fai. Mhusika wangu Rehema ni fundi wa mitambo ya hewa kwenye kituo cha mwezini, na kuna viumbe wa kale wanaoishi ndani ya jua wamemchagua yeye peke yake akalizuie lisizimike. Yeye hataki. Nimemfanya akatae sura tatu nzima ili msomaji aone uzito wa hicho kitu, lakini kila niliyempa asome anasema Rehema anaboa, analalamika tu, mmoja kaniambia alifika mahali akatamani jua lizimike yaishe. Je nimfanye akubali mapema, au hii habari ya steringi asiyetaka niachane nayo?"

Marahaba mdogo wangu. Sura zako nimezisoma mara mbili, ya kwanza kwenye simu na ya pili nimekaa mezani na kalamu, na jibu la haraka ni kwamba usiachane nayo na wala usimfanye akubali mapema. Marafiki zako wamekwambia kweli walichohisi ila hawajakwambia kwa nini, na hiyo siyo kazi yao, ni kazi yetu.

Nimehesabu, kwenye hizo sura tatu Rehema anasema "sitaki" au "kwa nini mimi" mara 31. Wazee walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na msomaji ndo yuko hivyo hivyo, siyo kwamba ana roho mbaya, ila begani kwake hakuna kitu, wewe unamwambia mzito, mzito sana, haubebeki, na yeye anaona usufi tu, na kadiri Rehema anavyozidi kulia ndo usufi unavyozidi kupeperuka. Sasa nenda sura ya pili, ule ukurasa mama yake Rehema anapotajwa. Umeandika kwamba mama ana pumu na kila usiku kabla ya kulala Rehema anaenda mwenyewe kukaza valvu ya hewa ya chumba cha mama, hamwachii fundi wa zamu. Mstari mmoja tu, ukapita ukarudi kwenye "kwa nini mimi". Mi hapo nilisimama. Nilitaka kujua siku Rehema akiondoka kwenda kwenye jua lake hiyo valvu ataikaza nani, na nilisoma mpaka mwisho nikitafuta jibu, halipo. Hapo ndo ulipo mzigo, umeuacha mlangoni ukaingia ndani mikono mitupu.

Nataka nikuonyeshe mtu ambaye mimi namwona ndiye steringi asiyetaka aliyeandikwa vizuri kuliko wote niliowahi kukutana nao kwenye sai-fai, Benjamin Sisko wa tamthilia ya Star Trek: Deep Space Nine, aliyechezwa na Avery Brooks kuanzia Januari 1993 mpaka Juni 1999, misimu saba. Kama hujaiona haidhuru, nakupa unachohitaji. Sisko ni ofisa wa jeshi la anga la Shirikisho, yaani muungano wa sayari nyingi ikiwemo dunia, ni mjane, mke wake Jennifer alikufa kwenye vita vya Wolf 359, chombo kinaungua na yeye anavutwa kwa nguvu auache mwili wa mkewe humo. Kabaki na mtoto wa kiume, Jake. Miaka mitatu baadaye anapangiwa kituo cha anga kilichoharibiwa, karibu na sayari ya Bajor ambayo ndo kwanza imetoka kutawaliwa kimabavu na Wakadasia miaka kama 50, na huku moyoni ameshaanza kufikiria kuacha jeshi arudi duniani alee mwanawe. Halafu kiongozi mkuu wa dini wa pale, Kai Opaka, anamwambia yeye ndiye Mjumbe wa Manabii. Hao Manabii ni viumbe wanaoishi ndani ya handaki la angani linalounganisha pembe mbili za galaksi, Wabajor wanawaabudu, wenzake Sisko wa Shirikisho wanawaona ni viumbe wa ajabu wa kuchunguza, basi.

Angalia wito unavyomkuta. Hao viumbe hawajui muda ni nini, kwao jana na kesho ni kitu kimoja, kwa hiyo Sisko anapambana kuwaeleza maana ya muda, anatumia mpaka mchezo wa besiboli, kwamba mpira ukirushwa hakuna anayejua utafika wapi ndo maana watu wanacheza. Lakini kila anapoeleza anajikuta amerudi kwenye kile chombo kinachoungua, mbele ya mwili wa mkewe. Anawauliza kwa uchungu kwa nini mnanileta hapa, na wao wanamjibu kwamba ni yeye anayewaleta wao, yeye yuko hapo. Yaani miaka mitatu anatembea, anakula, anafanya kazi, na kumbe hajawahi kutoka kwenye kile chumba. Mi kila nikiiangalia ile sehemu inanigusa upya. Hawakumkuta mahali penye nguvu zake, wamemkuta pale alipokwama, na huyo mtu anapoitwa na mbingu hana haja ya kusema sitaki hata mara moja, wewe mwenyewe unaona hana mkono wa kupokelea, yote miwili imeshika maiti. Wewe Rehema wako alikuwa anafanya nini dakika ile sauti ya jua inamfikia? Umeandika "alikuwa kazini". Haitoshi.

Sasa kwenye kukataa kwenyewe. Rehema anakataa kwa mdomo, anasema hapana na hapana yake haibadilishi kitu chochote popote, ndo maana inachosha. Mwachie akatae kwa vitendo, akabidhi, aone nani anaupokea. Kuna epsodi ya mwaka 1996 ambayo ningekushauri uisome kama darasa. Sisko amechoka kuombwa baraka za harusi, amechoka kuinamiwa na watu anaotaka tu kuwapa amri za kazi, na ghafla kutoka kwenye lile handaki anatokea mtu aliyepotea zaidi ya miaka 200 iliyopita, mshairi mkubwa wa Bajor anaitwa Akorem Laan, anasema Mjumbe wa kweli ni mimi, mimi ndo niliingia kwa Manabii wa kwanza. Unadhani Sisko anabishana? Anampa. Anampa kwa moyo mweupe kabisa, na unaona mabega yake yameshuka kama mtu aliyetua gunia. Na huyo mpokeaji siyo mtu mbaya, hapo ndo pazuri, ni mtu wa Mungu, mpole, msomi, ana mashairi yanayosomwa mashuleni. Ila ni mtu wa miaka 200 iliyopita, kwa hiyo jambo la kwanza analofanya ni kurudisha matabaka ya zamani ya Wabajor, kila mtu afanye kazi ya ukoo wake. Meja Kira, Mbajor ambaye ni msaidizi wa Sisko pale kituoni, mpiganaji aliyekomboa nchi yake kwa bunduki, inabidi aache kazi akafinyange sanamu za udongo kwa sababu ukoo wao ni wa wasanii, na hajui kufinyanga. Halafu mtu wa dini anamsukuma mwenzake mpaka anakufa, kisa marehemu hakuondoka kwenye nafasi yake wakati ukoo wake ni wa wanaoandaa maiti, ni najisi. Damu hiyo ni ya nani? Sisko hakumgusa mtu, yeye kapumzika tu.

Basi anaurudia mzigo, na anaurudia bila muziki wa ushujaa, maana ameona kiti alichokiacha kimekaliwa na nani. Mwishoni mwa ile epsodi anaombwa tena baraka, binti mmoja anaingia utu uzima, na anakwenda. Kitu kile kile alichokuwa anakikimbia mwanzoni, ila sasa hivi anajua bei yake. Hiyo ndo hesabu ambayo Rehema hajaifanya, mdogo wangu, umemzuia asikimbie kweli. Mwache akimbie! Mwache apate mtu mwingine wa kumkabidhi jua, na huyo mtu awe mzuri, awe na akili kumzidi, halafu tuone anafanya nini nalo.

Kuna kitu kingine kidogo nakipenda kuliko hotuba zote za ile tamthilia, nao ni mpira. Sisko ana mpira wa besiboli juu ya meza yake ya ofisini tangu msimu wa kwanza. Mwisho wa msimu wa tano, mwaka 1997, analazimika kukikimbia kituo, adui yake Dukat anaingia kuchukua ofisi, na anakuta mpira umeachwa pale mezani, anauangalia na anaelewa, huu ni ujumbe, anasema nitarudi. Mwaka mmoja baadaye, mwisho wa msimu wa sita, Manabii wamemwonya asiondoke Bajor, makamanda wake wanamtaka aongoze mashambulizi, wanamwambia achague, awe ofisa au awe Mjumbe, haiwezekani vyote. Anachagua jeshi. Wakati yuko vitani Dukat anaingia hekaluni na nguvu za giza, anamuua Jadzia Dax, rafiki mkubwa wa Sisko, na lile handaki linajifunga, Manabii kimya. Sisko anaomba likizo anarudi New Orleans kwenye mgahawa wa baba yake, anakaa nyuma huko anasugua kombe za baharini kwa brashi, moja baada ya nyingine. Na Kira akiingia ile ofisi anaona mezani hakuna mpira. Kaubeba. Hakuna mtu aliyesema "amekata tamaa, huenda asirudi tena", mpira umeshasema. Wewe unayo valvu, na valvu ni mpira wako. Mwache aikaze, mwache aisahau usiku mmoja, mwache amfundishe mtoto wa jirani kuikaza, na hutahitaji kabisa zile "sitaki" 31.

Halafu kuna bili. Rehema kwenye muhtasari wako anaokoa jua sura ya mwisho na anarudi nyumbani mama amepona pumu. Hapana, nakuomba sana hapo usimame. Wito wa namna hii kila ukitumika kuna anayelipa, na ukiandika vizuri bili inakuja kwa jina la kitu kile kile mtu alichokuwa anakitamani. Mwaka 1997 kuna vyombo 2,800 vya adui vinakuja kupitia handaki, Sisko anaingia humo na chombo kimoja, anajua anakufa, Manabii wanamzuia na yeye anawagombeza, anawaambia mnasema ninyi ni wa Bajor basi fanyeni kitu. Wanavifuta vyombo vyote. Ila wanamwambia kuna malipo, yeye ni wa Bajor lakini Bajor hatapata pumziko. Na siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amesema vita ikiisha nyumbani kwake ni Bajor, atajenga nyumba. Unaona walivyopiga penyewe? Msimu wa saba ananunua kiwanja, anachora ramani ya nyumba, anamchumbia Kasidy Yates, Manabii wanamwambia ukimuoa utajua huzuni tu, anamuoa hata hivyo. Nyumba ile hakuja kuishi humo.

Na bili haimgongei mlango mwenye wito peke yake. Msimu wa tano Sisko anapata maono yanayomuua polepole, anakataa kutibiwa kwa sababu anaona mambo makubwa mno ya kuyaacha, na anapoanguka ni Jake, kijana asiyefika hata miaka ishirini, ndo anaambiwa kama ndugu wa karibu amua, apasuliwe apone na maono yafe, au aachwe. Jake anamchagua baba. Ukiwaza huyo mtoto ameshampoteza mama kwenye vita halafu anaambiwa amshindanie baba na miungu, hapo ndo unaelewa uzito unakaa wapi. Msimu uliofuata ndo kabisa, pepo la upande wa pili linaingia mwilini mwa Jake lipigane na Nabii aliyeingia mwilini mwa Kira, na Sisko anakubali pambano liendelee kwa imani kwamba Manabii wataiokoa roho ya mwanawe. Kama mzazi sijui kusamehe hilo, na waandishi nadhani hawakutaka tulisamehe haraka.

Kitu kimoja sikukipenda nakwambia ili usikirudie. Msimu wa saba tunaambiwa Manabii walimwingia mama yake Sisko mwilini ili aolewe na baba yake na mtoto azaliwe. Kwa hiyo hata kuzaliwa kwake kulipangwa. Wengine wanapenda, mi naona inampunguza, maana yule wa mwaka 1996 aliyeurudia mzigo baada ya kuona matabaka alikuwa anachagua, na ukishaniambia alitengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, kuchagua kwake unakupunja. Naona umeanza kudokeza kwamba Rehema ana "damu ya jua". Itoe. Mwache awe fundi tu.

Sisko mwishoni, Juni 1999, anamzuia Dukat kwenye mapango ya moto na wote wanaanguka, na Manabii wanamchukua akae nao. Kasidy ni mjamzito. Ile scene ya kuagana ilipigwa kwanza Sisko akimwambia mkewe kwamba harudi, na baadaye Avery Brooks mwenyewe akawaendea watengenezaji akasema haimkalii vizuri, mwanamume mweusi anamwacha mke mweusi mjamzito alee peke yake, hiyo picha ina historia nzito Marekani, basi wakairudia na Sisko akaahidi kwamba atarudi, labda mwaka, labda jana, maana kule muda hauko kama wetu. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Wito wa mbinguni kwenye karatasi unaonekana unamhusu kila mtu sawa, lakini ukishauweka juu ya mwili wa mtu fulani, wa rangi fulani, mke au mume wa mtu, unabeba maana ambayo mwandishi hakuipanga. Na Rehema wako ni binti, mtoto pekee, mwenye mama mgonjwa. Kwetu huku binti wa hivyo ameshapewa wajibu wa ulimwengu tangu ana miaka kumi, hakuna aliyemuuliza kama anataka, na hakuna aliyeuita ushujaa. Sasa leo jua nalo linamwita! Hiyo riwaya yako ina kitu ambacho Sisko hakuwa nacho, na bado hujakigusa.

Uliuliza pia, kule chini kwenye ujumbe, kama woga wa Rehema ungeweza kuwa ni wa watu wanaomfuata badala ya woga wa kufa. Unaweza, na ni woga wa kikubwa zaidi. Paul Atreides kwenye Dune ya Frank Herbert ya mwaka 1965 anaogopa hivyo, watu wa jangwani wanamwita Mahdi, wanamwita Lisan al-Gaib, na sisi Waswahili hatuhitaji maelezo marefu kuhusu ghaibu, tunasikia moja kwa moja kwamba anaitwa ulimi wa yasiyoonekana, na hizo hadithi za kumsubiri zilipandwa pale zamani makusudi na dada wa Bene Gesserit, chama cha siri cha wanawake wenye hesabu zao. Yeye anaiona vita itakayopigwa kwa jina lake, anajitahidi kuikwepa, na kwenye kitabu cha pili cha 1969 anahesabu waliokufa, bilioni 61. Lakini kabla ya kwenda jangwa la mbali soma tena Kinjeketile, ile tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita vya Majimaji, nayo ya 1969. Siyo sai-fai, ila mtu anazama mtoni anatoka na maji na neno, kisha anagundua neno lenyewe lina mtego ndani yake, anataka vita isubiri, na watu hawasubiri tena, neno limeshamkulia. Na mwisho akiwa mikononi mwa Wajerumani wanataka aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa ajili ya watoto watakaokuja kuuliza wazazi wao walipigania nini. Hapo mtu anaubeba mzigo ambao yeye mwenyewe ameshaacha kuuamini. Sijaona popote kwenye vyombo vya angani mahali palipokwenda mbali kuliko pale.

Kwa hiyo cha kufanya. Sura ya kwanza anza usiku, Rehema anakaza valvu, tuujue mkono wake, tujue mama anapumuaje valvu ikiwa sawa na anapumuaje ikiwa imelegea. Sauti ya jua imfikie hapo hapo mkono ukiwa juu ya valvu. Hao viumbe wasijieleze sana, umewapa kurasa sita za maelezo na mbili zinatosha, Manabii wa Sisko wanatisha kwa sababu wanamwambia nusu. Sura ya pili akatae mara moja, kwa sauti ya kawaida, halafu atoke aende kumtafuta wa kumkabidhi, mimi ningemtumia yule daktari wako wa kituo, ana moyo mzuri na kila mtu anamwamini. Sura ya tatu daktari aanze kazi na mambo yaende vizuri kwa muda, Rehema alale usingizi mzuri kabisa, na sisi tuufurahie naye. Halafu daktari, kwa nia njema, aanze kuamua nani kwenye kituo apunguziwe hewa ili nguvu iende kwenye kazi ya jua.

Na aanze na wagonjwa. Ukifika hapo nitumie, hata kama ni usiku.